Mgonjwa Asiye na Kadi

Mvuvi wa dagaa katika Ziwa Viktoria huandama giza la mwezi, leo akalala Musoma na kesho akaamkia Majita au kisiwa cha Ukerewe. Na mchimbaji wa dhahabu wa Buhemba, wilayani Butiama, aghalabu ametoka Geita au Shinyanga, naye hukaa maadamu mwamba unatoa, kisha hubeba sururu yake akaenda kutafuta riziki kwingine. Watu wa namna hii ni wengi katika mkoa wa Mara, Tanzania, na jasho lao ndilo linalolisha masoko ya Musoma na Bunda. Lakini wanapougua hufika zahanati wakiwa hawana kadi ya bima, hawana ndugu wa kuwadhamini, na pengine hawana hata lugha ya kumweleza muuguzi mahali panapowauma. Kwa maoni yangu hao ndio wanaostahili kufikiriwa kwanza katika mipango yetu ya afya, na hadi sasa wamefikiriwa mwisho.

Kwa miaka mingi baada ya uhuru, raia alitibiwa katika hospitali ya serikali bila ya kutoa malipo. Uchumi ulipodhoofika, wagonjwa walianza kuchangia gharama mwaka 1993, na ili kumwauni mkulima asiye na mshahara ukaundwa Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996 na kuwekewa sheria mwaka 2001. Mfuko huo ulipoboreshwa, kaya ya watu 6 ilitakiwa kutoa Sh 30,000 kwa mwaka, na kiasi hicho, kwa insafu, si kikubwa. Lakini mpango wote ulijengwa juu ya mtu mwenye mji wake, mke na watoto wake wakiwa karibu, anayejulikana kwa mwenyekiti wa kitongoji, na ambaye fedha yake humjia baada ya mavuno. Kijana wa miaka 25 anayelala katika turubai kando ya shimo la dhahabu hana hata moja katika hayo. Wala msamaha wa malipo haumfikii, kwa kuwa sera imewasamehe hasa watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Naye si mtoto, si mzee, na uwezo wake leo upo na kesho haupo.

Na maradhi yake hayamhusu peke yake. Vumbi la mawe huharibu mapafu na kukifungulia mlango kifua kikuu, nacho humfuata mchimbaji mpaka katika basi na chumba cha kupanga. Zebaki inayotumiwa kukamatia dhahabu huingia katika pumzi ya aichomaye na katika maji ya jirani. Kichocho cha tumbo, kinachompata mvuvi kwa kukanyaga maji ya ufukweni, hutibika kwa vidonge vya prazikwanteli vinavyomezwa mara moja. Kikiachwa miaka mingi huliharibu ini, na mtu akaja kutapika damu katika hospitali ya rufaa, ambako gharama yake itabebwa na umma ule ule uliomnyima vidonge.

Yapo mataifa yaliyokutana kabla yetu na jambo hili la wagonjwa wasiofikiwa na huduma. Mwaka 1940 Sidney Kark na mkewe Emily walianzisha kituo cha afya Pholela, katika Natal ya Afrika Kusini, kilichowafuata watu majumbani mwao. Jack Geiger, aliyekuwa mwanafunzi wa utabibu kutoka Marekani, alikwenda kujifunza huko mwaka 1957, na mwaka 1965 akashiriki kufungua kituo cha namna hiyo Boston. Leo vituo vilivyotokana na kazi hiyo huwatibu mamilioni ya watu, wakiwamo wahamiaji wasemao Kihispania wasio na bima yoyote; malipo hupimwa kwa kipato cha mtu, asiye na kitu hafukuzwi, wakalimani huwapo, na sheria inataka walio wengi katika bodi wawe ni watu wanaotibiwa hapo hapo. Fikra iliyozaliwa Afrika inawahifadhi wageni wa Marekani, ilhali mgeni wa Buhemba hana mahali.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, inatupa wasaa wa kulitengeneza hili. Wapo wanaohofu kwamba mtu asiye na makazi atajiandikisha siku ya kuugua na kutoweka siku ya kuchanga, na hofu hiyo si ya bure. Lakini fedha ya mvuvi inajulikana inapopita: ni mwaloni, wakati wa kupima samaki, mbele ya viongozi wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni, wanaomjua kwa jina, na ya mchimbaji hupita mahali pa kuuzia dhahabu. Hapo mchango uchukuliwe kidogo kidogo msimu ukiwa mzuri, kwa jina la mtu mmoja na si kaya, na kadi yake iheshimiwe Bunda, Kibara na Ukerewe bila ya barua. Wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii nao wachaguliwe kwa kuangalia lugha, ili Kijita, Kikurya, Kijaluo na Kisukuma visikike katika chumba cha tabibu; na katika kamati ya kila zahanati iliyo karibu na mwalo au mgodi, mvuvi na mchimbaji wapewe viti vyao, hata kama hawakuzaliwa katika kijiji hicho.