Mtoto Hutazama Kisogo cha Nina

Mpenzi msomaji, hebu jifikirie uko ndani ya matatu kutoka Nyeri kwenda Karatina. Umempakata mwanao wa miaka saba. Kondakta anauliza umri wake ili adai nauli. "Minne," unajibu. Mkifika Marua simu inalia. Ni jirani anayekudai.

"Niko Nairobi, ndugu yangu. Nitarudi Jumatatu."

Mtoto anakutazama, kisha anauliza kwa sauti inayosikika hadi kiti cha nyuma: "Baba, kwani hapa ni Nairobi?"

Abiria wanacheka. Nawe unacheka nao, huku ukimfinya anyamaze.

Katika safari hiyo fupi mwanao amepata masomo mawili: kwamba uongo huokoa pesa, na kwamba msema kweli hufinywa. Je, jioni ukimchapa kwa kukana kuwa amevunja kikombe, atakuelewa? Wahenga hawakukosea waliposema mtoto akibebwa hutazama kisogo cha nina. Hata sokoni, akiona gorogoro la maharagwe limebonyezwa kitako, hahitaji kuelezwa.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha jaribio lao juu ya jambo hili. Watoto wengine waliambiwa kuna bakuli la peremende chumba cha pili, kisha wakaambiwa huo ulikuwa uongo. Baadaye kila mtoto aliachwa peke yake na kukatazwa kuchungulia kitu cha kuchezea. Wale wa umri wa kwenda shule waliokuwa wamedanganywa walichungulia zaidi, na wakakana zaidi, kuliko wenzao.

Nasi tuna la kukumbuka. Mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 wa KCSE yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu. Mwaka 2016 ulinzi ulikazwa, na waliopata alama ya A wakapungua kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Tuliwalaumu vijana. Lakini kijana asiye na mshahara hutoa wapi pesa za kununulia karatasi ya mtihani?

Sikuombi uwe malaika, ndugu msomaji. Sote huteleza. Ninalokuomba ni hili: ukiteleza mbele ya mtoto, jirekebishe mbele yake. Mpigie jirani simu tena, mtoto akisikia. "Nilikudanganya. Niko njiani kwenda Karatina. Leo sina pesa, lakini Ijumaa nitakuletea nusu." Utaona haya, na jirani huenda akafoka. Hata hivyo mwanao atajua kuwa ukweli una gharama, na kwamba baba yake alikubali kuilipa.

Kisha Ijumaa ikifika, mshike mkono mwende pamoja mkalipe deni hilo.