Ziwa Lililochimbwa kwa Mikono Lisitiwe Uzio

Ndugu walimu wenzangu, wapo miongoni mwetu wanaoshikilia kwamba bustani ya kando ya maji ni anasa ya watu waliokwisha kushiba. Nimeyasikia maneno hayo katika vyumba vya walimu, nimeyasikia ndani ya taksi zinazopanda Kasubi kwa Barabara ya Hoima, na hivi majuzi nimeyasikia kwa mwalimu mwenzetu wa Kiswahili, mtu ninayemheshimu sana. Aliniambia: "Bwana, watu wa Kasubi wanataka maji ya bomba, si maji ya kutazama." Maneno hayo yana utamu masikioni, na ndiyo maana yanapotosha. Nimeona heri nimjibu hapa, mbele ya wasomaji wetu, kuliko kumjibu pembeni.

Kwanza yafaa tuulize mtoto wa Kasubi anayajua maji gani. Anayajua ya dumu la manjano analobeba asubuhi kabla ya kwenda shule. Anayajua ya mvua yanayoteremka kilimani yakielekea bonde la Lubigi, na ambayo kule Bwaise huingia majumbani bila ya kubisha hodi. Maji ya kwanza ni kazi, ya pili ni msiba. Maji ya kukaa kando yake akatulia, akatazama ndege na kuzungumza na wenzake, huyo mtoto hana, ingawa anaishi katika mji uliopakana na ziwa kubwa kuliko yote ya Afrika. Je, hiyo ndiyo hali tunayoiita ya kawaida?

Wala haihitaji kwenda mbali mpaka Ggaba au Port Bell. Katika tarafa yetu hii hii ya Rubaga, baina ya Mengo na Ndeeba, lipo Ziwa la Kabaka. Ziwa hilo halikuletwa na mito wala na tetemeko la ardhi. Lilichimbwa na watu. Kabaka Mwanga wa Pili, aliyerithi kiti mwaka 1884 akiwa bado kijana, aliamuru lichimbwe kati ya mwaka 1885 na 1888. Nia yake, kama inavyosimuliwa, ilikuwa kuliunganisha na Ziwa Nyanza kwa mfereji, ili mitumbwi ya kifalme itoke karibu na Lubiri mpaka ziwa kuu. Mfereji haukumalizika. Wakubwa kwa wadogo walishikishwa majembe na kubebeshwa udongo, na machungu ya kazi hiyo yakawa miongoni mwa manung'uniko yaliyomwondoa Mwanga katika kiti mwezi Septemba 1888. Baadaye alirudi, akakimbia, akakamatwa mwaka 1899 na kupelekwa Shelisheli, akafia huko mwaka 1903. Mwaka 1910 mabaki yake yaliletwa nyumbani na kuzikwa Kasubi, katika Muzibu-Azaala-Mpanga, nyumba iliyojengwa na baba yake Muteesa wa Kwanza mwaka 1882.

Kwa hiyo aliyeamuru ziwa lichimbwe amelala kwetu, juu ya kilima chetu. Waliolichimba hawana kaburi linalojulikana wala jiwe lenye majina yao. Alama yao ni maji yenyewe. Mwalimu mwenzangu anaposema kwamba ziwa hilo ni la kutazamwa tu, namwomba akumbuke ni mikono ya nani iliyolifanya liweze kutazamwa.

Sasa nije kwenye sheria, maana wapo wanaodhani kwamba ninataka kunyang'anya mali ya watu. La hasha. Sheria ya mwaka 1993 iliyowarudishia watawala wa jadi mali zao ilimrudishia Kabaka ziwa hili, kama ilivyomrudishia Lubiri na makaburi ya wazee wake. Ziwa lina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana. Tena ninakiri kwamba Katiba ya mwaka 1995, katika Ibara ya 237, inayoiweka serikali kuwa mdhamini wa maziwa kwa niaba ya wananchi, inataja maziwa ya asili. Hili letu ni la kuchimbwa. Lakini kuwa na mwenyewe ni jambo moja, na kufungiwa watu ni jambo jingine. Makaburi ya Kasubi nayo yana mwenyewe, na yalipoungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010 hakuna aliyeuliza hati ya kiwanja kabla ya kulia.

Kwa upande wa ziwa kuu lenyewe sheria haina utata. Kanuni za mwaka 2000 za ardhi chepechepe, kingo za mito na fukwe za maziwa zimeweka ukanda wa mita 200 unaopaswa kulindwa kando ya Ziwa Nyanza. Mita mia mbili! Anayetaka kujua ni ngapi zimebaki na atembee ufukoni, kama atapata njia ya kufika huko.

Mimi nilijaribu. Niliwachukua wanafunzi wangu 38 wa kidato cha pili kwenda ufukoni, ili wajifunze kwa macho yale niliyokuwa nikiwachorea ubaoni: kasia, nanga, gati, mawimbi, nyavu. Tulifika penye lango. Mlinzi, mtu mpole kabisa, akatueleza ada ya kila kichwa, na ada hiyo ilizidi nauli ya kwenda na kurudi. Nilipomwambia kwamba hatukuja kuogelea wala kunywa soda, bali kutazama tu, alijibu kwamba hata kutazama kunalipiwa. Somo nikalifundishia barabarani, mgongo ukutani. Msichana mmoja akaniuliza: "Mwalimu, gati ni kitu gani?" Upande wa pili wa ukuta tulisikia injini ya mashua.

Nataraji kujibiwa kwamba kisicholipiwa huharibika. Hoja hii ina nguvu, nami siwezi kuipita kwa kuruka. Ukingoni mwa Ziwa la Kabaka nimeona magari yakioshwa na mafuta yakitambaa juu ya maji. Nimeona chupa za plastiki zimerundikana. Ni kweli kwamba uangalizi unahitaji fedha. Lakini aliyeosha gari lake pale hakufanya hivyo kwa kuwa hakulipa kiingilio. Alifanya kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kwamba mahali hapo panathaminiwa. Bustani ya Forodhani, Unguja, ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Watu wakaendelea kuingia jioni, tajiri na mchukuzi wakikaa ukuta mmoja wakitazama bahari. Jijini Nairobi, mwaka 1989, wakubwa walitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru. Marehemu Wangari Maathai akapinga, akatukanwa hata bungeni, na jumba halikujengwa. Wala hakutetea anasa. Alitetea mahali ambapo mtu asiye na kiwanja anaweza kulala chali kwenye majani siku ya Jumapili bila ya kuulizwa na mtu.

Makaburi ya Kasubi hutoza wageni, nami sipingi. Hapo ni mahali patakatifu, na nyumba ya nyasi inataka kuezekwa upya kila mara. Maji na kivuli si kaburi.

Labda mtaniuliza haya yote yanahusu nini katika jarida la walimu wa Kiswahili. Yanahusu sana. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, nasi tukapiga makofi. Lakini lugha hukomaa pale watu wasiojuana wanapokutana bila ya kushurutishwa. Katika Uganda, kwa miaka mingi, Kiswahili kilisikika kwenye vizuizi vya barabarani kutoka midomoni mwa askari, na wazee wetu wakajifunza kukiogopa. Nani atakitoa huko, ikiwa mahali pa starehe pote pana lango? Mganda husema omwalo, mvuvi wa Mwanza husema mwalo. Ni neno moja la mahali pa kutua mitumbwi. Nnyanja na Nyanza ni ndugu. Mwanafunzi akisimama ufukoni ndugu hao huwatambua mwenyewe. Akisimama nyuma ya ukuta itambidi akariri.

Kwa hiyo rai yangu kwa chama chetu ni hii: tuandike barua kwa heshima zote kwenda Mengo, na nakala kwa wenye mamlaka ya jiji, tuombe sehemu moja tu ya ukingo wa Ziwa la Kabaka iachwe wazi kwa wanafunzi na wapita njia, iwe na miti na viti, na magari yahamishiwe kwingine. Shule zipeane zamu ya kuzoa taka. Yangu iandikwe ya kwanza. Reki tano tunazo, na mwenzangu wa maji ya bomba ameahidi, kwa shingo upande, kuja kutazama.