Kurejea Mfumo wa Awali wa Tarakilishi: Maandalizi ni Kabla ya Kuhama

Ni jambo lililo bayana kwamba mwanafunzi wa uzamili siku hizi huiweka tasnifu yake yote ndani ya kipakatalishi kimoja. Tangu kampuni ya Microsoft ilipokomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wamehamia Windows 11. Aghalabu huhama kwanza, wakawaza baadaye. Mashine ikianza kujikokota, au printa kuukuu ikikataa kuitikia, ndipo wazo la kurejea linapozuka.

Ifahamike kwamba mfumo mpya unapoingizwa juu ya ule wa awali, ule wa awali haufutwi papo hapo. Huhifadhiwa katika folda iitwayo Windows.old, na kwa muda wa siku 10 mwenye tarakilishi anaweza kurudi alikotoka kupitia sehemu ya mipangilio. Siku hizo zikiisha, folda hufutwa, na njia inayosalia ni kuuingiza mfumo wa zamani upya, jambo linaloweza kufagia kila kitu. Wapo hata wanaojifungia njia wenyewe mapema zaidi: huiona folda hiyo imemeza gigabaiti nyingi, wakaifuta wapate nafasi. Wanafunzi wa Kiswahili hubishana hadi usiku wa manane kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Ni wachache wanaozijua siku hizi 10.

Nazo ni chache mno. Mwalimu anayesoma wikendi na kufundisha mashambani siku nyingine hawezi kuujaribu mfumo ipasavyo kwa muda huo. Yawezekana kuzirefusha hadi 60 kwa amri ya DISM, mradi iandikwe kabla zile 10 hazijaisha, lakini mtengenezaji hakuiweka mahali pa wazi. Hapo analaumika.

Hata hivyo, mtumiaji naye hana budi kujilaumu. Tasnifu, data ya nyanjani na rekodi za mahojiano sharti zinakiliwe kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo ifunguliwe katika tarakilishi nyingine ili ithibitike kwamba faili zinasomeka. Kurejea kwa kawaida hakugusi faili za mtu, ila programu zilizoingizwa baada ya kuhama hutoweka. Basi orodha yake iandikwe. Penye BitLocker, tarakimu 48 za ufunguo wa dharura ziandikwe karatasini, kwa maana mashine yaweza kuzidai katikati ya shughuli. Chaja nayo iwe imechomekwa na betri imejaa. Umeme wetu unajulikana.

Aliyerejea Windows 10 akumbuke pia kuwa amerudi kwenye nyumba ambayo, bila mpango wa nyongeza, haitiwi tena kufuli mpya.

Idara zinazodai tasnifu iliyojalidiwa zingeweza kudai pia, kila sura inapokamilika, nakala moja ya kielektroniki ihifadhiwe na idara yenyewe.