Mlinzi Naye Analindwa na Nani?



Kila jioni, sisi tunapofunga milango yetu, wako wenzetu wanaoanza kazi wakiwa peke yao: mlinzi wa kanisa au wa duka, mwuguzi wa zamu katika zahanati, mtunza pampu ya maji iliyo mbali na makazi. Kazi zao ni tofauti, lakini hatari yao ni moja. Wakivamiwa, wakianguka au wakiugua ghafla, hakuna wa kuona. Jeraha ambalo lingetibika huweza kuleta kifo kwa sababu tu msaada umechelewa.

Siku hizi vipo vyombo vya kuwakinga. Kipo kitufe cha dharura kinachovaliwa shingoni au mkononi. Kikibonyezwa, humpelekea msimamizi taarifa ya hatari na ya mahali alipo mfanyakazi. Vipo vingine vinavyotambua kwamba aliyevivaa ameanguka au hajasogea kwa muda, navyo hutoa taarifa vyenyewe hata kama amezirai. Pasipo na mtandao wa simu, zipo redio za mkononi na vyombo vya setilaiti. Kwa wanaoshuka katika mashimo ya maji machafu, kazi isiyofaa kamwe kufanywa na mtu mmoja, kipo kipima hewa. Chombo hiki ni cha lazima, kwani ile hewa ya sumu inayonuka kama yai bovu, inapozidi, huondoa uwezo wa pua kunusa, hata mtu akadhani kwamba imekwisha.

Hata hivyo, chombo hakimwokoi mtu, huita tu. Kengele ikilia saa nane ya usiku mahali ambapo hakuna aliye macho, ni kelele za bure. Basi swali la kwanza si bei ya chombo, bali ni hili: nani atapokea wito, atafika kwa njia gani, na baada ya muda gani?

Parokia maskini nayo inaweza kulijibu. Simu ya kawaida yenye chaji na salio, utaratibu wa kumpigia mlinzi kila saa, majina mawili ya walio zamu, na mapatano na majirani. Asipopokea simu, waende kumtazama watu wawili, si mmoja. Na chombo kinachoonyesha mahali alipo mfanyakazi kitumike kumwokoa, kisigeuzwe kuwa njia ya kumchunguza.

Hili si jambo la hisani. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote zinamtwika mwajiri wajibu wa usalama. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Tena, mwezi Juni 2022, Shirika hilo liliiweka haki ya mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi wote. Kwa hiyo, kumkata mlinzi mshahara kwa ajili ya tochi, viatu au salio la simu ni dhuluma, hata kama anayekata ni kamati ya kanisa.

Viongozi wa halmashauri na wa jumuiya ndogondogo, hatuwezi kudai haki viwandani na mashambani huku tukimwacha anayelinda mali yetu bila kinga. Kabla ya kikao chenu kijacho, keteni na mlinzi wa parokia yenu, mkamwulize: "Ukipatwa na shida usiku huu, utamwita nani, naye atafikaje?" Akikosa jibu, aibu si yake, ni yetu sisi tuliomwajiri. Na jibu hilo lipatikane kabla hamjafunga kikao.