Tunachokosa si Saruji

Mwaka 2019, na tena mwaka 2021, Mkoa wa Mtwara ulikuwa mwenyeji wa UMISSETA, mashindano ya kitaifa ya michezo ya shule za sekondari. Vijana walikuja kutoka pembe mbalimbali za nchi, wakacheza soka, netiboli, wavu, riadha na mpira wa kikapu. Sisi tuishio huku Kusini tulijawa na fahari, maana si mara nyingi macho ya taifa hugeukia Mtwara pasipo habari ya korosho au ya gesi. Swali ambalo hatukuliuliza wakati ule, na ambalo nakusudia kuliuliza leo, ni dogo: wale vijana wa kikapu walikwenda wapi?

Kijana aliyekuwa kidato cha tano mwaka 2021 alimaliza kidato cha sita mwaka 2022 na, kama alijaliwa, akaingia chuo mwaka huohuo. Alifika akiwa na miaka ishirini hivi, umri ambao mwili wa mchezaji wa kikapu ndio kwanza unakomaa. Nikiwa mwalimu wa chuo nimewaona vijana wa namna hiyo mwaka baada ya mwaka: warefu, wepesi, wamevaa fulana zilizochakaa za mikoa waliyoiwakilisha, wameketi viti vya nyuma ukumbini. Ukiwauliza kama bado wanacheza, hucheka. Sekondari iliwapa mashindano. Chuo kimewapa bonanza.

Nchi hii imewahi kumtoa mtu aliyedhihirisha kile ambacho chuo kinaweza kumfanyia mchezaji. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye kimo cha takriban sentimita 221, alianza kucheza kikapu akiwa tayari kijana, akamalizia sekondari Houston, Texas, kisha mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Hakufika pale akiwa mchezaji kamili. Kwa miaka mitatu alifundishwa, akachezeshwa kwa ratiba, akakosea mbele ya watazamaji na kusahihishwa. Aprili 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya ubingwa wa taifa wa vyuo, jijini Detroit, ikafungwa na Michigan State 82 kwa 73. Tarehe 25 Juni mwaka huo, katika drafti ya NBA, jina lake liliitwa la pili. La tatu lilikuwa la James Harden.

Yaliyofuata huko NBA hayakulingana na matarajio, na hilo limesemwa sana vijiweni, mara nyingi kwa kejeli asiyoistahili. Kinachonivutia mimi ni ile miaka mitatu ya Connecticut. Sidhani kama kilikuwapo chuo cha Tanzania ambacho kingeweza kumpa kijana yule miaka mitatu ya namna ile, na sidhani kama kipo leo.

Tukiyatazama mashindano hayo ya Wamarekani kama yalivyo sasa, yenye timu 68 na mkataba wa televisheni wa mwaka 2010 uliokuwa na thamani ya dola bilioni 10.8 kwa miaka 14, tunakata tamaa upesi na kusema hayo ni mambo ya matajiri. Tuyatazame basi yalivyozaliwa. Mwaka 1939 timu zilikuwa nane tu. Fainali ilichezwa Evanston, Illinois, na Oregon wakawafunga Ohio State 46 kwa 33. Makocha walioyaandaa waliambulia hasara ya dola 2,531, ikabidi chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiyachukue. Mwaka uliofuata yakafanyika tena. Vita Kuu ya Pili ikaja, yakaendelea. Hayakukosa mwaka hata mmoja mpaka 2020, korona ilipoyazuia. Kwa maoni yangu fedha zilifuata mazoea: watu walikwisha kujua kwamba Machi ikifika, vyuo vitacheza, awepo tajiri wa kudhamini au asiwepo.

Kwetu mambo huenda kinyume. Sisemi kwamba hatuna kitu. TUSA ipo kwa ajili ya vyuo vikuu, SHIMIVUTA ipo kwa vyuo vingine, na timu ya UDSM Outsiders hucheza katika ligi ya Dar es Salaam pamoja na klabu za uraiani, jambo ninalolipongeza. Lakini ukitoka Dar es Salaam kushuka Kusini, kikapu cha chuo ni tukio la siku moja. Huandaliwa kwa ajili ya wiki fulani ya maadhimisho, hupewa jina la mdhamini, na tarehe yake hutegemea nafasi ya mgeni rasmi. Nimeshuhudia tarehe ya shindano la wanafunzi ikisogezwa mara tatu kwa sababu mheshimiwa mmoja alikuwa safarini. Ilipowadia ya nne, nusu ya wachezaji walikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Hakuna kocha duniani anayeweza kumwandaa mchezaji kwa ajili ya tarehe asiyoijua.

Jirani zetu wamelielewa jambo hili mapema zaidi. Nchini Kenya, Strathmore na USIU zimekuwa na timu katika ligi ya juu ya kikapu. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, Ndejje na KIU nazo zimecheza ligi ya taifa. Mwanafunzi wa huko anajua wiki ijayo atapambana na nani, na mara nyingi anapambana na watu wazima wenye familia ambao hawamhurumii hata kidogo. Huko ndiko mchezaji anakopikwa.

Najua nitakaloambiwa kwanza: hatuna viwanja. Ni kweli kwamba kikapu hakichezeki mchangani. Watoto wa Msimbati na Msangamkuu wanaweza kucheza soka ufukweni mpaka jua lizame, lakini mpira wa kikapu ukiudundisha kwenye mchanga haurudi. Unadai sakafu ngumu. Tufanye hesabu basi. Kiwanja kamili kina mita 28 kwa 15. Ukimwaga zege la unene wa sentimita 10 unahitaji mita za ujazo 42, na kwa mchanganyiko wa kawaida hiyo ni mifuko ya saruji isiyofika 300. Kokoto, mchanga, mafundi na magoli ni gharama nyingine, sikatai. Lakini tunazungumza juu ya mkoa wenye kiwanda cha Dangote, kilichojengwa kuzalisha hadi tani milioni tatu za saruji kwa mwaka. Mkoa huo hauwezi kujitetea kwa kukosa mifuko 300. Isitoshe, baadhi ya viwanja tunavyo tayari. Hutumika kuanikia nguo na kuegesha magari ya wageni.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo inatoka kwa wazazi. Mtoto amepelekwa chuo kusoma, mkopo wa Bodi hautoshi hata chakula, na ajira hazipo. Kikapu kitamfaa nini? Mzazi anayeuliza hivyo ana haki ya kujibiwa kwa heshima. Jibu langu ni kwamba michezo yenye ratiba inakula muda mchache kuliko ile isiyo na ratiba. Kinachomharibia mwanafunzi masomo ni kuitwa ghafla Jumatano kwenda kufanya mazoezi ya bonanza la Ijumaa. Na yule mwenye kipaji cha kweli asipewe ahadi ya NBA. Apewe nafasi ya kuonekana na klabu za Dar es Salaam, na pengine, kwa wachache sana, na timu zinazowania Ligi ya Kikapu ya Afrika iliyoanza Kigali mwaka 2021.

Lipo pia la kujihadhari nalo. Wamarekani wenyewe walijenga utajiri ule juu ya migongo ya wachezaji waliolipiwa ada, chakula na malazi, wakaitwa wachezaji wa ridhaa, huku mabilioni yakipita juu ya vichwa vyao. Ilibidi kufika Juni 2021 ndipo majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu wakaamua kwamba NCAA haina haki ya kuweka kikomo katika mafao yanayohusu masomo ya wachezaji. Mwezi uliofuata wakaruhusiwa kunufaika na majina yao, na mwaka 2025 suluhu ya kimahakama ikafungua njia ya vyuo kuwalipa moja kwa moja. Watu wa Mtwara, walioona ghasia za Mei 2013 na kisha bomba la gesi likizinduliwa Oktoba 2015, hawahitaji kufafanuliwa maana ya kuambiwa usubiri huku mali ikipita mlangoni pako. Kwa hiyo mdhamini akija, na aje, kanuni za mgawanyo ziwe zimekwisha kuandikwa.

Nimezungumzia wanaume kwa kuwa mfano wa Thabeet ndio tunaoufahamu. Hali ya wasichana wa vyuoni ni mbaya zaidi, na inastahili makala yake.

Pendekezo langu halihitaji wizara. Vipo vyuo vya kutosha: Stella Maris, kampasi ya TIA na vyuo vya ualimu hapa Mtwara mjini, ualimu Nachingwea, vyuo vya afya Masasi na Ndanda, na wenzetu wa Lindi. Timu nane kwa mtoano ni michezo saba, na michezo saba ni siku mbili. Tuseme Jumamosi na Jumapili ya pili ya mwezi Mei, mvua zikiwa zimekatika na mitihani ya mwisho bado. Tarehe hiyo iingizwe katika kalenda ya kila chuo kabla mwaka wa masomo haujaanza, pamoja na kanuni moja ya ziada: mgeni rasmi akichelewa kwa dakika kumi, mwamuzi arushe mpira.