Kipimo cha Siku Moja

Juzi nilipata lifti ya pikapu ya miraa kutoka Meru kwenda Embu. Kila tulipopanda kilima, moshi mweusi ulitoka nyuma yetu ukawafunika watoto wa skuli waliokuwa wakitembea kando ya njia.

Nikamuuliza dereva, "Mwanangu, gari hii ilipitaje ukaguzi?"

Akacheka. "Mzee, fundi anafungua pampu, dizeli inaingia nyingi, gari inapata nguvu. Siku ya ukaguzi ikikaribia anairudisha. Nikipata cheti, anafungua tena."

Dizeli ikizidi hewa ndani ya injini haiungui yote. Inayosalia hutoka masizi. Mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliutaja moshi wa dizeli kuwa ni kisababishi cha saratani.

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa mapema ubaya wa kupunja mizani. Basi kijana huyu ana tofauti gani na mwenye duka mwenye mawe mawili ya mizani, moja la mkaguzi na jingine la mnunuzi?

Lakini tusimtupie lawama zote. Haraka yake ni yetu. Miraa hunyauka, nasi wa Mombasa na Lamu hatuitaki iliyolala.

Nasaha yangu ni hii: magari yapimwe njiani pia, bila ya taarifa, nasi walaji tupunguze pupa. Gari hupimwa siku moja kwa mwaka; mtoto huvuta pumzi kila siku.