Mgonjwa Aulizwe Uji

Mgonjwa haulizwi uji. Tumeambiwa hivyo tangu utotoni, na huku upande wa bara wa Mombasa, kuanzia Likoni hadi Changamwe na Kisauni, methali hiyo imegeuzwa kanuni ya kazi. Mshauri nasaha akija na mradi wake, mhudumu wa afya ya jamii akibisha hodi na simu ya kunakili majina, kikundi kikileta mchele na mafuta mwezi wa Ramadhani, masikini anatakiwa ashukuru, atie sahihi na atazame kamera. Akiuliza jina lake linapelekwa wapi, ana kiburi. Ukimtetea, utaambiwa siri na ridhaa ni mambo ya wazungu. Sisi tunaishi nyumba moja, vyumba sita, choo kimoja, nani asiyejua habari za mwenzake?

Imani hiyo ni potofu na inaumiza watu kila siku.

Tazama karatasi ya mahudhurio. Nimeiona Mtongwe, nimeiona Mishomoroni, na haibadiliki. Juu kabisa limeandikwa jina la mradi, na jina lenyewe linataja maradhi au tatizo la waliokuja: wanaotumia dawa za kulevya, wanaoishi na virusi, wanawake waliopigwa. Chini yake kuna safu: jina kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, mtaa, sahihi. Inapitishwa mkono kwa mkono. Mtu wa kumi akiishika kalamu, ameshawasoma tisa waliomtangulia. Asiyeandika hapati nauli, na nauli hiyo kwa aliyelala njaa ndiyo chakula cha watoto jioni. Halafu tunasema aliandika kwa hiari yake.

Hoja ya nyumba moja na choo kimoja inajipinga yenyewe. Mwenye jumba lenye ukuta Nyali, siri yake ikitoka, anafunga geti. Mpangaji wa chumba kimoja Bofu au Chaani hana geti. Anapishana ukumbini na mwenye nyumba anayeweza kumtoa, na mwajiri wake anaishi uchochoro wa pili. Kadiri watu wanavyobanana ndivyo neno moja linavyoweza kumtoa mtu kwenye nyumba, ndoa na kibarua kwa wiki moja.

Na kusema siri ni ya wazungu ni kuwadharau mama zetu. Muosha maiti hasemi alichokiona kwenye mwili aliouosha. Somo hatoki chumbani akatangaza aliyoambiwa na mwari. Sitara ni ada ya pwani hii iliyokuwepo kabla ya mradi wowote. Tulioiacha ni sisi, tena tumeiacha kwa masikini peke yao.

Nia njema haitoshi, na hata dola imewahi kukumbushwa hivyo mahakamani. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe taarifa za wanafunzi wote wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Lengo lilitajwa kuwa kuwahudumia. Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba namna ya kukusanya majina hayo ilikiuka haki ya faragha na maslahi ya mtoto. Fikiria orodha kama hiyo ikilala kwenye meza ya ofisi ya shule, na karani amekwenda kunywa chai.

Mfano mwingine unagusa uji wenyewe. Juni 2023 watu 65 waliookolewa kutoka msitu wa Shakahola, waliofundishwa kufunga hadi kufa, walifikishwa mahakama ya Shanzu wakishtakiwa kujaribu kujiua, kwa kuwa walisusia chakula katika kituo walikohifadhiwa. Nakubali kwamba mtu anayekufa njaa huwezi kumwacha kwa kuwa amesema hataki. Hapo daktari ana wajibu, na uhai unatangulia. Lakini watu wale walihitaji mtu wa kukaa nao kwa siku nyingi, awaulize, awasikilize, azijenge upya akili zilizobomolewa. Badala yake walisimamishwa kizimbani. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, ni kinyume cha Katiba. Kwa waliopandishwa kizimbani Shanzu, uamuzi huo ulichelewa.

Sasa nije kwa linalonikera zaidi. Watu wale wale wanaosema mtaani hakuna siri ndio mabingwa wa kuficha siri mtoto anaponajisiwa. Hapo ghafla sitara inakumbukwa. Mzee wa mtaa anaitwa, jamaa wanakaa, mara nyingine mshauri nasaha ndiye anayeombwa aongoze kikao, na pesa zinatajwa. Wanasema wanalinda jina la familia. Mtoto hakuulizwa, na saa zinakwenda. Dawa ya kumkinga na virusi inatakiwa ianze kabla ya saa 72 kupita. Kituo cha kuwahudumia manusura katika Hospitali Kuu ya Pwani kipo tangu 2007, lakini mama wa Likoni lazima avuke feri kwenda kisiwani, na asubuhi mbili zikishaliwa na kikao cha wazee, muda uliobaki ni mchache mno.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inampa kifungo cha maisha anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, na haimpi mzazi, mzee wala mshauri mamlaka ya kuifuta kesi. Mshauri anayekaa kwenye kikao hicho na kunyamaza amevunja maadili ya kazi yake. Siri ya mteja ni ngao ya mnyonge, na pale mnyonge anapodhuriwa mshauri ana wajibu wa kuripoti. Sisi tumeipindua: siri ya teja inasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, na ya mnajisi inafungiwa kabatini.

Likoni na Kisauni tuna sababu nyingine ya kuiogopa orodha. Aprili 2015, baada ya shambulio la Garissa, serikali ilitangaza msamaha kwa vijana waliotaka kurudi kutoka Al-Shabaab, na kazi ya ushauri nasaha kwa vijana hao ikaingia mitaani. Mwaka uliofuata shirika la HAKI Africa lilichapisha ripoti yenye kesi 81 za mauaji na watu kupotezwa hapa Pwani kati ya 2012 na 2016. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, utaelewa kwa nini kijana wa Majengo Mapya anaitazama kalamu ya mshauri kwa woga. Mshauri ambaye hawezi kumwambia mapema, kabla hajafungua kinywa, ni yapi atakayoyaweka moyoni na ni yapi atalazimika kuyapeleka mbele, hana haki ya kumwambia "nieleze yote".

Wanaobisha hodi nyumbani kwetu siwalaumu kwanza wao. Mhudumu wa afya ya jamii ni jirani yetu, mara nyingi mama, anayeahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi na kukabidhiwa habari za nyumba 100 hivi. Wa kulaumiwa ni anayemtuma bila kabati lenye kufuli, na mfadhili anayedai picha ya sura ya mpokeaji kama risiti. Nawalaumu pia wanaojiita washauri baada ya semina ya siku chache, ilhali Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 inataka wasajiliwe.

Kurekebisha haya hakuhitaji mabilioni. Kila mtu atie sahihi kwenye karatasi yake. Jina la mradi lisitaje maradhi. Anayepanga foleni ya methadoni Kisauni asipigwe picha, hata kwa mgongo. Chakula kigawiwe bila kamera, na anayekataa kupigwa picha apewe kiasi kile kile. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 tayari inaziweka habari za afya na za familia miongoni mwa taarifa nyeti, na inataka ridhaa iwe ya hiari. Malalamiko yanapokelewa na Kamishna wa Data, na kwa yanayohusu virusi vya UKIMWI kuna baraza maalumu lililoundwa kwa sheria ya UKIMWI ya 2006. Kwa hiyo karatasi ile ikikufikia kesho, ishike, usome kichwa chake, kisha umwulize aliyeileta itasomwa na nani na itahifadhiwa wapi. Akishindwa kukujibu, mrudishie kalamu yake na umdai huduma yako.